Kushusha Pumzi kwa Kipimo: Somo la Kupumua Polepole kwa Kutumia Simu

Siku za kliniki ya shinikizo la juu la damu, mabenchi ya zahanati hujaa mapema. Wapo waliotembea kwa miguu kutoka vitongoji vya mbali, wapo waliofika kwa bodaboda, na wapo walioacha biashara sokoni kwa matumaini ya kurudi kabla jua halijawa kali. Mtu anapoitwa na kufungwa mkanda wa kipimo mkononi, moyo wake huwa bado unakwenda kwa mwendo wa njia aliyopita na mawazo aliyokuja nayo. Ndiyo maana taratibu za upimaji hutaka mtu aketi kwa utulivu dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo ukiwa umeegemea, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga sakafu, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, na mazungumzo yakiwa yamekoma.

Dakika hizo 5 watu wengi huzitumia kutazama simu. Somo la toleo hili linahusu jambo jema ambalo simu hiyo hiyo inaweza kulifanya nyumbani: kumwongoza mwenye nayo apumue polepole kwa kipimo, mwili ulegee na fikra zitulie. Ni zoezi jepesi, gharama yake ni ndogo, na limechunguzwa na wataalamu. Hata hivyo lina mtego mmoja unaowahusu hasa watu wa kliniki hiyo, nao utaelezwa kwa urefu hapa chini, kwa sababu anayenaswa nao huweza kupooza au kupoteza maisha.

Pumzi na moyo

Kiswahili kimeijua siri hii tangu zamani. Mwenye hofu husemwa kuwa roho yake iko juu; aliyekimbizwa hutweta; aliyepokea habari njema baada ya wasiwasi mrefu hushusha pumzi. Wazee walikwisha kuona kwamba pumzi na hali ya nafsi hufuatana. Kilichoongezwa na sayansi ni maelezo ya njia ambayo moja huifikia nyingine.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila hata kuwaza. Kazi kubwa hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaotenganisha kifua na tumbo. Wakati wa kuvuta pumzi kiwambo hushuka na tumbo hujitokeza. Wakati wa kutoa, hupanda na tumbo likarudi. Hofu ikiingia, pumzi huhamia juu kifuani, zikawa fupi na za haraka. Mabega nayo hupanda bila mwenyewe kujua.

Mapigo ya moyo, tofauti na yanavyodhaniwa, hayaendi sawasawa kama mshale wa saa. Huongezeka kidogo mtu anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Anayeushika moyo breki ni mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoanzia kwenye shina la ubongo, ukapita shingoni na kuteremka hadi kifuani na tumboni. Mtu akirefusha utoaji wa pumzi, huupa mshipa huo nafasi ndefu zaidi ya kufanya kazi yake. Aidha, katika mishipa mikubwa ya damu, shingoni na karibu na moyo, kuna vihisio vinavyopima shinikizo la damu kila mara na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Pumzi zikishuka hadi kiasi cha 6 kwa dakika, kupanda na kushuka kwa mapigo huendana na mwendo wa vihisio hivyo, na udhibiti wa shinikizo ukawa mwepesi zaidi.

Namba hiyo 6 haikuokotwa. Mwaka 2001 mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ matokeo ya kuwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia maneno ya yoga. Njia zote mbili zilizishusha pumzi zao hadi takriban 6 kwa dakika, na moyo na mishipa ikaitikia. Kwa maneno mengine, bibi anayeishika rozari yake kila jioni huenda amekuwa akilifanya zoezi hili miaka yote, bila simu na bila bando. Uchunguzi wa hivi karibuni zaidi, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba dakika 5 kwa siku za kupumua kwa kurefusha utoaji wa pumzi, kwa muda wa mwezi mmoja, ziliinua hali ya moyo ya washiriki na kupunguza kasi ya kupumua kwao hata wakiwa wamepumzika.

Kuhusu shinikizo la damu lenyewe, mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilikubali kwamba kupumua kwa kuongozwa na kifaa kunaweza kutumika kama msaada wa ziada katika kulishusha. Maneno mawili ya hapo yasomwe kwa makini. La kwanza ni “kifaa”: kilichochunguzwa zaidi kilikuwa chombo maalumu chenye mkanda wa kuhisi kifua na milio ya kuongoza pumzi, wala si kila programu inayopatikana kwenye simu leo. La pili ni “ziada”.

Kuipata programu inayofaa

Programu za aina hii ni nyingi katika maduka ya programu ya simu, na kazi yake halisi ni moja tu, nayo ni kuhesabu muda. Duara hupanuka wakati wa kuvuta pumzi na kusinyaa wakati wa kutoa. Nyingine huongeza mlio au mtetemo ili mtumiaji aweze kufumba macho. Mojawapo ya zile za mwanzo, Breathe2Relax, ilibuniwa na kituo cha afya cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani ili kufundisha kupumua kwa kiwambo. Tangu wakati huo zimezaliwa nyingi, nzuri na mbaya. Haifai kuihukumu programu kwa uzuri wa picha zake.

Inayofaa kwa mkazi wa kata ni ile isiyokula nafasi kubwa ya simu, inayofanya kazi data ikiwa imezimwa, isiyolazimisha kufungua akaunti, na inayomruhusu mtumiaji kuchagua mwenyewe idadi ya sekunde za kuvuta na za kutoa. Ijaribiwe data ikiwa imezimwa. Ikigoma, ifutwe na itafutwe nyingine. Zile zinazokatiza zoezi kwa matangazo hazifai, kwani ni vigumu kutulia huku mtu akipigiwa kelele anunue kitu. Baadhi hutoa siku chache za bure kisha zikaanza kutoza ada, hivyo masharti yasomwe kabla ya kubonyeza. Lugha ya nyingi ni Kiingereza, lakini maneno matatu yanatosha: “Inhale” ni vuta, “Exhale” ni toa, na “Hold” ni zuia pumzi. Hilo la tatu liwekwe kwenye sifuri, kwa sababu kuzuia pumzi si lazima katika zoezi hili na kuna watu ambao haliwafai kabisa.

Jambo la ruhusa lisipuuzwe. Programu ya kuhesabu pumzi haina haja na orodha ya majina ya simu, ujumbe mfupi, wala mahali alipo mtumiaji. Inayoomba vitu hivyo inyimwe, na ikikataa kufanya kazi bila kupewa, iondolewe. Wapo wakazi waliojifunza somo hili kwa uchungu kupitia mikopo ya mtandaoni, pale ndugu na majirani walipoanza kupokea ujumbe wa kumfedhehesha mdaiwa. Na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mlango uliotumika ni ule ule wa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, lakini kinga iliyo karibu zaidi ni kidole chake mwenyewe kinapobonyeza “kataa”.

Namna ya kulifanya zoezi

Mahali pawe na hewa safi. Jikoni penye moshi wa kuni au mkaa hapafai. Barazani au chini ya mti ni bora. Simu iwekwe katika hali ya ndege, kwa kuwa simu iliyoleta ujumbe wa kudaiwa asubuhi haiwezi kumtuliza mtu jioni huku ikiendelea kulia. Mtu aketi akiegemea ukuta au kiti. Fundo la kanga au mkanda wa suruali ulegezwe. Mkono mmoja uwekwe kifuani na mwingine tumboni, juu kidogo ya kitovu. Katika pumzi nzuri, wa tumboni ndio unaosogea zaidi.

Wiki ya kwanza programu ipangwe sekunde 3 za kuvuta na sekunde 4 za kutoa, kwa dakika 2 au 3 tu. Mwili ukizoea, sekunde ziongezwe hadi 4 za kuvuta na 5 za kutoa, kisha 4 na 6. Hapo mzunguko mmoja huchukua sekunde 10, pumzi zikawa 6 kwa dakika, na dakika 5 huwa pumzi 30. Anayejisikia vizuri zaidi kwa sekunde 5 na 5 atumie hizo. Hakuna sifa inayopatikana kwa kurefusha kupita hapo, na programu zinazotoa nishani na kuwashindanisha watumiaji zimekosea njia.

Hewa iingie kwa pua, itoke kwa pua au kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza uji wa moto bila kuumwaga. Kosa linalofanywa mara nyingi lipo hapa hapa. Mwanafunzi akiambiwa “pumua polepole” husikia “pumua kwa nguvu”, akaijaza hewa kifuani hadi mabega yakapanda. Baada ya muda mfupi kichwa huwa chepesi, vidole na pembe za midomo hufa ganzi, naye akadhani ameugua. Kinachotokea ni kwamba pumzi kubwa mno huondoa hewa ukaa nyingi kuliko kawaida, na mwili unaihitaji hewa hiyo kwa kiasi chake ili damu ifike vema kwenye ubongo. Dawa yake ni kuacha zoezi, kupumua kama kawaida, na siku inayofuata kuvuta hewa kidogo zaidi. Pumzi ya zoezi hili ni ndefu kwa muda wake wala si kubwa kwa ujazo wake.

Fikra zitatangatanga. Mtu ataikumbuka ada ya shule, atamkumbuka ng'ombe asiyekula, atakumbuka maneno aliyoambiwa na shemeji yake. Hilo si kushindwa. Akigundua ametoka, macho yarudi kwenye duara na pumzi inayofuata iendelee. Wachache hujisikia vibaya zaidi wanapoielekeza akili kwenye pumzi, hasa waliowahi kupatwa na ajali au ukatili. Hao wasijilazimishe, kwani matembezi ya polepole au mazungumzo na mtu wa kuaminika huweza kuwafaa zaidi.

Zoezi hufaa zaidi likifanywa saa ile ile kila siku, mathalani kabla ya kulala. Lisifanywe mtu akiwa anaendesha pikipiki au mtambo, wala akiwa majini. Wenye pumu, maradhi mengine ya mapafu au ya moyo, na wajawazito waanze kwa ushauri wa mtoa huduma za afya na wasizuie pumzi. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ghafla, kupooza upande mmoja au mdomo kwenda upande si mambo ya kutulizwa kwa programu. Mgonjwa apelekwe kituoni mara moja.

Mtego wenyewe

Chukuliwe mfano wa mtu mwenye shinikizo la juu la damu aliyeandikiwa vidonge. Nyumbani ana mashine ndogo aliyonunuliwa na mwanawe. Anajipima, anaona 158 kwa 96. Anafungua programu, anapumua dakika 10, anajipima tena na kuona 146 kwa 90. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu anamwambia jirani kwamba amepata tiba isiyo na kidonge, na mfuko wa dawa unabaki ukining'inia ukutani.

Hakusema uongo, mashine iliandika alichokiona. Kosa liko katika wakati aliojipima. Kupumua polepole hushusha shinikizo la watu wengi kwa muda mfupi, wakati wa zoezi na dakika chache baada yake, na namba iliyopatikana hapo ni ya dakika hizo. Atakapobeba ndoo, atakapobishana na mteja au atakapopanda kilima kwenda shambani, shinikizo hurudi lilikokuwa, na mashine haitakuwapo kumwambia. Msaada wa kudumu, kwa wale unaowafikia, huja pole pole kwa mazoezi ya wiki nyingi, huwa wa kiasi, na hutofautiana baina ya mtu na mtu. Mtu ambaye shinikizo lake hubaki 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti anahitaji usimamizi wa kitaalamu, hata kama hajisikii ugonjwa wowote. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi mpaka yaharibu figo, yapanue moyo au yalete kiharusi.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani kichukuliwe kabla ya zoezi, mtu akiwa ameketi dakika 5 na kupumua kama kawaida yake, na hicho ndicho kiandikwe daftarini. Siku ya kliniki vivyo hivyo: anayesubiri aketi kwa utulivu, lakini zoezi lenyewe alifanye baada ya kupimwa, na iwapo amekwisha kulifanya, amweleze muuguzi. Uamuzi wa kupunguza au kuacha dawa ni wa mtoa huduma aliyeziandika, baada ya kuona vipimo vya siku nyingi.

Mtego huu una ndugu yake aliye mbaya zaidi, nao ni programu zinazodai kupima shinikizo la damu kwa kuweka kidole kwenye kamera. Moja iliyouzwa Marekani miaka ya 2014 na 2015, iitwayo Instant Blood Pressure, ilichunguzwa na watafiti wa Johns Hopkins, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Takriban watu wanne kati ya kila watano waliokuwa na shinikizo la juu walioneshwa namba za mtu mzima wa afya. Kamera ya simu inaweza kuhesabu mapigo ya moyo kwa kiasi fulani. Kwa shinikizo la damu, kinachoaminika ni mkanda unaofungwa mkononi.

Lipo pia jambo la vidonge kuisha. Anayekosa dawa zahanati asikubali kurudi nyumbani na kutegemea pumzi, wala asivitawanye vidonge vilivyobaki kwa kumeza kimoja kila baada ya siku mbili ili vidumu. Amwone Mganga Mfawidhi siku hiyo hiyo aelekezwe kituo chenye dawa, na amweleze Mhudumu wa Afya ngazi ya Jamii wa kitongoji chake ili ufuatiliaji ufanyike.

Asiye na simu janja

Duara la kwenye kioo halina uchawi. Simu ya kitochi ina saa ya kuhesabu sekunde. Saa ya ukutani ina mshale wa sekunde. Na mtoto wa shule ya msingi anaweza kumhesabia bibi yake kwa sauti ya chini, moja hadi nne wakati wa kuvuta na moja hadi sita wakati wa kutoa, akiutazama mshale ili asiharakishe. Wengi walioanza na programu hujikuta baada ya miezi michache wameuzoea mwendo na hawaihitaji tena, na hapo wanaweza kuifuta ili kupata nafasi ya picha.

Anayeona wasiwasi au huzuni haimwachi kwa zaidi ya wiki mbili, anayekosa usingizi mfululizo, au anayepata mawazo ya kujidhuru, asikae na simu peke yake. Huduma ya afya ya akili huanzia zahanati na kituo cha afya, ambako mgonjwa hupewa rufaa inapobidi, na Afisa Ustawi wa Jamii hupokea mambo ya aina hii kwa faragha. Ndugu anaweza kumsindikiza.

Kwa watu wa kliniki, daftari la nyumbani lenye tarehe, saa, kipimo cha kabla ya zoezi na dakika za zoezi lipelekwe kila mwezi pamoja na vidonge vilivyobaki, ili mtoa huduma avihesabu kabla ya kuandika dozi ya mwezi unaofuata.